Chai ya Murang'a, Maji ya Murang'a: Yanayotendeka Mlimani na Bomba la Eastlands

Somo la toleo hili: kilimo cha majani chai kinachotunza mazingira, na kinavyomhusu mkazi wa mitaa ya Mashariki mwa Nairobi

Alfajiri, kabla makanga hawajaanza kuita abiria wa kwenda tao, majiko huwa yameshawashwa Umoja, Kayole, Donholm na Dandora. Katika nyumba nyingi chombo cha kwanza kupanda jikoni ni sufuria ya chai. Vibandani kando ya barabara, wauza mandazi wamejaza chupa za chai kwa ajili ya wajenzi na makuli wanaotoka mapema. Chai hiyo inahitaji angalau vitu vitatu: maji, majani na moto.

Mkazi wengi wao hajui kwamba viwili kati ya vitu hivyo huenda vimetoka katika mteremko mmoja. Majani chai hulimwa kwenye miinuko ya Murang'a, Kiambu na Nyeri, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka kwenye mito inayopita katikati ya miinuko hiyo hiyo. Kwa hiyo jinsi mkulima anavyopanda, anavyopogoa na anavyokausha majani yake si habari ya mashambani peke yake. Ni habari inayofika kwenye bomba, kwenye mtungi wa lita 20, na kwenye bei anayotajiwa mteja na mchuuzi wa maji.

Somo hili linaeleza mambo manne: maji na majani yanakotoka, mbinu za kilimo zinazotunza udongo na mito, namna viwanda vya chai vinavyopunguza kuni, na sehemu ya mkazi wa jijini katika kazi hiyo. Mwishoni kuna jaribio dogo ambalo familia, shule au kikundi cha vijana kinaweza kulifanya uani, pamoja na maswali ya kujadili.

1. Mteremko mmoja, mazao mawili

Majani chai yalipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Leo yanalimwa pande zote mbili za Bonde la Ufa. Upande wa magharibi kuna Kericho, Bomet, Nandi, Kisii na Nyamira. Upande wa mashariki, ulio karibu na Nairobi, kuna Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru. Wakulima wadogo zaidi ya nusu milioni hupeleka majani yao kwenye viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa kampuni ya wakulima wenyewe.

Mchai unapenda mahali pa juu, penye baridi kiasi, mvua nyingi na udongo wenye asidi. Miteremko ya safu ya Aberdare ina hayo yote. Lakini mvua hiyo hiyo inayomfaa mchai ndiyo inayojaza mito ya Thika, Chania, Gura na Maragua. Juu kabisa kuna msitu. Chini ya msitu kuna ukanda wa majani chai. Chini zaidi kuna kahawa, mahindi na ndizi.

Katika ukanda huo wa majani chai, eneo la Gatanga, Kaunti ya Murang'a, ndiko liliko bwawa la Ndakaini. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994 na linaweza kubeba maji ya mita milioni 70 za ujazo, yaani lita bilioni 70. Ndilo kubwa kuliko yote yanayoihudumia Nairobi. Miongoni mwa mengine ni Sasumua, upande wa Kinangop, na Ruiru, pamoja na chemchemi za Kikuyu ambazo jiji limezitegemea tangu siku zake za mwanzo. Maji ya Ndakaini husafiri kwa mto na kwa mifereji ya chini ya ardhi hadi mtambo wa kusafishia maji wa Ng'ethu, kisha huteremka kwa mabomba makubwa hadi matangi ya Gigiri kabla ya kusambazwa mitaani.

Mwaka 2017 jiji lilipata funzo lake. Mvua za mwisho wa 2016 zilikuwa haba, bwawa likashuka, na kuanzia Januari 2017 kampuni ya maji ikaanza mgao kwa ratiba. Wakazi wa Eastlands wanakumbuka: ndoo zilizopangwa koridoni, mitungi iliyofungwa kwa mnyororo, na akina mama waliokesha wakisubiri bomba lilie. Mvua haipangwi na mkulima wala na kaunti. Hata hivyo, mvua ikishanyesha, kinachotokea baadaye hutegemea sana ardhi inakoangukia. Ardhi iliyotunzwa hunywa maji na kuyatoa polepole kupitia chemchemi, hata miezi ya kiangazi. Ardhi iliyoachwa wazi huyaachilia yote kwa siku moja, yakiwa yamebeba tope.

2. Mchai hushika udongo, lakini si siku ya kwanza

Shamba la michai iliyokomaa ni mlinzi mzuri wa udongo. Michai hupandwa karibu karibu na hukatwa usawa mmoja, hadi matawi yake yanakutana na kufanya kitu kama meza ya kijani. Tone la mvua likianguka juu ya meza hiyo haligongi udongo moja kwa moja. Hupitia majani, hushuka kwenye shina, na hufika chini likiwa limepoteza nguvu.

Hatari iko katika nyakati mbili. Ya kwanza ni miaka ya mwanzo baada ya kupanda, kabla meza haijafunga. Wakati huo kuna nafasi wazi kati ya miche, na mvua moja kubwa inaweza kuteremsha udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, hadi mtoni. Ya pili ni baada ya kupogoa. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache ili usirefuke na kumshinda mchumaji, na kwa miezi kadhaa shamba hubaki na vijiti vitupu.

Mkulima anayetunza ardhi hukabili nyakati hizo kwa mbinu zinazojulikana:

• Hupanda michai kwa mistari inayokata mteremko, si inayoshuka nao. Kila mstari huwa kama kizingiti kidogo kinachopunguza kasi ya maji.

• Huchimba makinga maji na kupanda nyasi za nepia kwenye kingo zake. Nyasi hizo hushika udongo na baadaye hukatwa kulisha ng'ombe.

• Hutandaza nyasi kavu kati ya miche michanga ili udongo usibaki uchi.

• Baada ya kupogoa, huyaacha matawi na majani yaliyokatwa palepale shambani. Matandazo hayo hufunika udongo, hutunza unyevu na huoza kuwa mbolea. Mkulima anayeyabeba kwenda kuwa kuni za nyumbani hupata moto wa wiki chache na kupoteza mbolea ya msimu mzima.

• Hutia mbolea ya dukani kwa kipimo, wakati udongo una unyevu lakini mvua kubwa haijaanza, na huacha nafasi karibu na mto. Mbolea inayosombwa na maji ni hasara mara mbili: mkulima ameinunua, na mto unalishwa chumvi zinazooteza magugu ya majini.

Kuna jambo moja la heri kwa chai ya Kenya. Kwa sababu inalimwa mahali pa juu penye baridi, haisumbuliwi sana na wadudu kama chai ya nchi nyingine nyingi, na wakulima wadogo wengi hawanyunyizi dawa za wadudu kwenye majani. Ni faida ambayo maumbile yametoa, na haifai kuipoteza kwa kuzoea dawa pasipo haja.

3. Ukingo wa mto si shamba

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizowekwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zilikataza kulima au kujenga kwenye ukingo wa mto. Kipimo kilikuwa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kuanzia pale maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko makubwa zaidi.

Kwa mkulima mwenye ekari moja ya michai iliyoteremka hadi mtoni, mita hizo si kitu kidogo. Ni mistari kadhaa ya michai ambayo ingemletea kilo za majani kila wiki. Akiiacha ardhi hiyo iote miti ya kienyeji, matete na nyasi, mapato yake yanapungua. Lakini ukanda huo ndio chujio la mwisho. Tope na mbolea vinavyoteremka kutoka shambani hunaswa hapo kabla ya kuingia mtoni.

Ukingo huo pia si mahali pa kupanda mikaratusi. Mti huu hukua haraka na hupendwa kwa kuni na nguzo, lakini hunywa maji mengi, na ukipandwa kwenye chemchemi huweza kuikausha. Mwaka 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito na sehemu za chemichemi. Michuki, mbunge wa Kangema huko Murang'a, ndiye pia aliyesimamia juhudi za kusafisha Mto Nairobi katika miaka hiyo.

Sheria hiyo ya ukingo haikuhusu mashambani tu. Mto Nairobi unaopita Dandora na Mto Ngong unaopita Mukuru ililindwa na kanuni hiyo hiyo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha wakazi wa jiji kwa uchungu kwamba mto huwa haujasahau njia yake. Anayemtaka mkulima wa Gatanga aheshimu mita zake za ukingo hana budi kuuliza pia takataka za mtaa wake zinamwagwa wapi.

4. Mpaka kati ya msitu na jembe

Juu ya mashamba ya chai kuna msitu, na msitu ndio mzizi wa mito yote iliyotajwa. Miaka ya nyuma, tishio kubwa lilikuwa jembe lililosogea juu kidogo kidogo kila msimu, hadi mpaka haukujulikana tena. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Nyayo Tea Zones: ukanda wa michai uliopandwa kati ya msitu na mashamba ya wananchi. Wazo lake ni jepesi kueleweka. Michai ikipandwa kwa mstari unaoonekana, kila mtu anajua msitu unaanzia wapi. Ukanda huo pia huwapa wanaoishi jirani na msitu kazi ya kuchuma, badala ya kutegemea makaa na mbao.

Upande wa Aberdare, kazi hiyo iliongezewa nguvu na ua wa umeme unaozunguka msitu, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400. Ua huzuia ndovu kuingia mashambani, na vilevile huwazuia watu kuingia msituni na shoka.

5. Moto wa kiwandani

Jani bichi la chai sehemu kubwa yake ni maji. Ili lifike dukani likiwa kavu, maji hayo lazima yaondolewe. Kiwandani, majani hunyaushwa kwa hewa, hukatwakatwa kwa mashine, huachwa yageuke rangi kutoka kijani hadi shaba, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto hadi unyevu ubaki karibu asilimia 3 tu. Ndiyo maana inahitajika takribani kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya majani makavu.

Hesabu ya nyumbani inasaidia hapa. Nyumba inayomaliza pakiti ya gramu 250 kila mwezi hutumia kilo 3 kwa mwaka. Hizo zilikuwa kilo 13 na nusu za majani mabichi mgongoni mwa mchumaji. Tofauti ya kilo 10 na nusu ni maji yaliyogeuzwa kuwa mvuke, na viwanda vingi hupata joto la kuyakausha kwa kuchoma kuni.

Kiwanda kinachonunua kuni popote zinapopatikana kinaweza kumaliza miti ya wilaya nzima. Ndiyo sababu utunzaji wa mazingira katika chai hauishii shambani. Hatua ambazo viwanda vimechukua ni hizi:

• Kupanda mashamba yao ya miti ya kuni, mbali na kingo za mito, ili wasitegemee msitu wala miti ya wakulima.

• Kukausha kuni kwanza. Gogo lililokatwa jana limejaa maji, na sehemu ya moto wake hupotea kwa kuyachemsha maji hayo. Kuni zilizopasuliwa na kupangwa chini ya paa kwa miezi kadhaa hutoa joto zaidi, hivyo magogo machache hufanya kazi ile ile. Hili halihitaji mtambo wa kigeni. Linahitaji paa na subira.

• Kutumia mabaki ya mazao mengine. Kiwanda cha Makomboki, huko Murang'a, kimejulikana kwa kuchoma maganda ya makadamia na mabaki mengine ya mimea mahali pa sehemu ya kuni.

• Kuzalisha umeme kwa mito. Kiwanda cha Imenti, Meru, kina mtambo mdogo wa umeme wa maji na huuza ziada kwa kampuni ya umeme. KTDA pia imejenga mtambo kwenye Mto Gura, Nyeri. Mitambo hiyo hutegemea mto usiokauka, kwa hiyo kiwanda chenyewe kinakuwa na sababu ya kifedha ya kutaka msitu usimame.

6. Nani alipe?

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lote. Mkulima anayeacha mita 10 za ukingo, anayechimba makinga maji na kupanda nyasi, ndiye anayetoa jasho na ndiye anayepoteza mistari ya michai. Anayefaidika zaidi ni mtu aliye mbali ambaye hajawahi kumwona: mkazi wa Komarock anayefungua bomba na kupata maji yasiyo na tope, na mkazi wa Pipeline anayenunua mtungi kwa bei isiyopanda kila mara bwawa linaposhuka.

Tope lina gharama. Maji ya mto yakifika kwenye mtambo yakiwa mekundu, dawa nyingi zaidi hutumika kuyasafisha, na wakati mwingine mtambo hulazimika kupunguza kazi. Tope linalotuama chini ya bwawa hupunguza nafasi ya maji mwaka hadi mwaka. Tena halikomei kwenye maji ya kunywa. Mito ya Thika na Chania huungana na kuelekea Mto Tana, na Tana hujaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ambalo ni la kwanza katika mfululizo wa mabwawa yanayozalisha umeme. Kwa hiyo hata taa ya Buruburu ina uhusiano na mtaro wa Gatanga.

Kwa kutambua hilo, mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, ukiwaleta pamoja mashirika ya uhifadhi, taasisi za serikali na kampuni kubwa zinazotegemea maji. Kanuni yake ni kwamba walio chini ya mto wachangie gharama za walio juu. Wakulima wa maeneo ya Thika-Chania, Maragua na Sagana-Gura husaidiwa kwa mafunzo, miche, mbegu za nyasi na mabwawa madogo ya kuvunia maji ya mvua. Mkulima hufaidika moja kwa moja, kwa sababu udongo uliobaki shambani ni mavuno na nyasi ni maziwa. Jiji nalo hupata maji safi.

Mfuko kama huo hauondoi wajibu wa sheria, wala hauwezi kufika kwa kila shamba kwa siku moja. Lakini unaweka wazi ukweli ambao kwa miaka mingi haukusemwa: maji ya Nairobi huanza kutunzwa kabla hayajafika kwenye mtambo wa kuyasafisha.

7. Nembo kwenye pakiti

Mnunuzi naye ana sauti yake. Kwenye baadhi ya pakiti za chai kuna nembo ya chura wa kijani ya Rainforest Alliance. Maana yake ni kwamba majani hayo yametoka kwa mashamba yanayokaguliwa kwa masharti kama vile kutokata msitu wa asili, kulinda kingo za mito, kuwapa wafanyakazi mavazi ya kujikinga na kutowaajiri watoto. Nembo nyingine ni ya Fairtrade, ambayo inazingatia zaidi malipo ya haki kwa mkulima.

Nembo si hakikisho la kila kitu. Ukaguzi hufanywa kwa vipindi, na kuna wakulima wengi wanaotunza ardhi vizuri ambao pakiti zao hazina chura. Wakazi wanaonunua vipakiti vidogo vya kadogo, kulingana na pesa ya siku hiyo, huenda wasiione nembo hata moja. Kwao kuna njia nyingine zisizohitaji shilingi zaidi, na nyingi huokoa pesa.

8. Sehemu ya mkazi wa Eastlands

Pima maji kwa kikombe. Sufuria ikijazwa kwa mazoea, nusu lita hubaki na kumwagwa. Nyumba inayofanya hivyo asubuhi na jioni hupoteza lita moja kwa siku, sawa na lita 365 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mitungi 18 ya lita 20, iliyonunuliwa, ikabebwa ngazini, ikachemshwa na kumwagwa.

Funika sufuria. Maji yaliyofunikwa huchemka haraka zaidi, iwe ni kwa gesi, kwa stovu au kwa makaa. Chai ikiiva, iingie kwenye chupa ya chai badala ya kurudishwa motoni mara tatu. Anayetumia makaa akumbuke kwamba kuni za kiwandani na makaa ya nyumbani hutoka kwenye miti ya nchi moja.

Usimwage makapi kwenye sinki. Makapi ya majani chai huziba mabomba ya maji taka, na katika majengo ya ghorofa mwenye nyumba wa chini ndiye hupata taabu. Makapi hayo ni mbolea. Yachujwe, yaanikwe kidogo, kisha yachanganywe na udongo kwenye gunia la sukuma wiki au kwenye mkebe wa dania. Yakiwa na maziwa na sukari, yasuuzwe kwanza ili yasiite nzi.

Tenganisha taka. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini taka bado zinaenda huko. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mkazi atenganishe taka zinazooza na zisizooza. Makapi ya chai, maganda na mabaki ya mboga yawekwe kando na karatasi za vipakiti. Vifuko vya chai vichanwe kwanza, kwa sababu baadhi vina nyuzi za plastiki zisizooza.

Ripoti bomba linalovuja. Maji yaliyosafiri kutoka Ndakaini hadi Umoja kisha yakapotelea barabarani yamepoteza kazi ya mkulima, ya mtambo na ya fundi. Taarifa ipelekwe kwa kampuni ya maji au ofisi ya wadi mapema.

9. Jaribio: chupa mbili na udongo

Jaribio hili linafaa watoto wa shule, na watu wazima pia hushangaa kuliona.

Vifaa: chupa mbili kubwa za plastiki zilizotumika, udongo, nyasi kavu au makapi makavu ya chai, vikombe viwili vinavyoonyesha ndani, na maji kidogo, hata yaliyofulia.

Kata upande mmoja wa kila chupa ili iwe kama hori, na uache mdomo wake wazi. Jaza udongo kiasi sawa katika chupa zote mbili na uushindilie kidogo. Ya kwanza iache hivyo. Ya pili ifunike udongo wake kwa nyasi au makapi. Zilaze zikiwa zimeinama kuelekea mdomoni, kila moja na kikombe chake chini ya mdomo. Mwagia kila chupa kikombe kimoja cha maji polepole, kwa mkebe uliotobolewa matundu.

Tazama vikombe. Maji ya chupa ya kwanza hutoka haraka na ni tope. Ya pili hutoka taratibu, ni safi zaidi, na huendelea kudondoka hata baada ya kumwaga kukoma. Chupa ya kwanza ni shamba lililo wazi. Ya pili ni shamba lenye matandazo. Huko kudondoka taratibu ndiko kunakoufanya mto uwe na maji mwezi wa Februari.

10. Maswali ya kujadili nyumbani, shuleni au katika baraza la mtaa

1. Ni nyakati gani mbili ambapo shamba la michai huwa hatarini zaidi kupoteza udongo, na mkulima afanye nini?

2. Je, ni haki mkulima wa Murang'a aache ardhi yake kwa ajili ya maji ya Nairobi bila fidia yoyote? Nani angefaa kuchangia?

3. Nyumba yenu humwaga maji kiasi gani ya chai kwa wiki? Pimeni kwa siku saba, kisha mzidishe kwa wiki 52.

4. Ukingo wa mto ulio karibu na mtaa wenu uko katika hali gani? Ni hatua gani moja ambayo kikundi chenu kinaweza kuchukua mwezi huu?

Ya kukumbuka

Mchai uliopandwa kwa kukata mteremko, matandazo yaliyoachwa shambani, ukingo wa mto usiolimwa na kuni zilizokauka kabla ya kuchomwa: hizo ni mbinu nne zisizo za kigeni wala za gharama kubwa mno, na kila moja huonekana kwenye maji yanayofika Eastlands. Mkulima hufanya sehemu yake mlimani. Kwa mkazi wa jijini, kazi huanzia kwenye sufuria: apime maji, aifunike, na makapi yaende kwenye gunia la sukuma wiki.